Kupaka rangi nakshi za kanga: mwongozo kwa mtu mzima anayetaka kupumzisha akili

Mtu mzima anayefika nyumbani jioni akiwa amechoka akili hakuchoshwa na wingi wa kazi peke yake. Mara nyingi kilichomchosha ni wingi wa maamuzi: nani ajibiwe kwanza, pesa iliyobaki itoshe nini, mtoto aruhusiwe au akatazwe. Kupaka rangi ndani ya mistari iliyokwisha kuchorwa humpumzisha mtu wa namna hiyo kwa sababu maamuzi hupungua hadi yakabaki mawili matatu, tena madogo yasiyo na hasara yoyote, huku mkono na jicho vikipata shughuli ya kutosha kuyazuia mawazo yasirudi ofisini au sokoni. Ushauri wote unaofuata hapa umejengwa juu ya jambo hilo moja, yaani kuondoa maamuzi kabla ya kukaa mezani, ili ukishakaa ubaki na kazi ya kupaka tu.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 2005 Nancy Curry na Tim Kasser wa Knox College, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, walichapisha utafiti uliowahusisha wanafunzi 84, ambao kwanza walitiwa wasiwasi kidogo kwa makusudi na kisha wakapewa dakika 20 za kupaka rangi. Kundi moja lilipewa duara lenye nakshi, kundi la pili likapewa mchoro wa miraba ya mistari inayokatizana, na kundi la tatu likapewa karatasi tupu. Wasiwasi wa makundi mawili yaliyopewa michoro ulishuka zaidi kuliko wa kundi la karatasi tupu, na sababu yake si ngumu kuiona, kwa kuwa karatasi tupu humdai mtu abuni na nakshi humwongoza. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walitoa matokeo ya wanawake 115, ambapo waliopaka rangi kila siku kwa wiki moja walipungukiwa na dalili za huzuni na wasiwasi, na wenzao waliopewa mafumbo ya kufumbua hawakupata nafuu hiyo.

Matokeo hayo yasikuzwe kupita kiasi. Kupaka rangi ni pumziko, si matibabu, na ni kitu tofauti na tiba kwa njia ya sanaa, ambayo huendeshwa na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo. Anayekosa usingizi kwa majuma kadhaa, au aliyepoteza hamu ya chakula na ya watu, au anayejiwa na mawazo ya kujidhuru, aende kituo cha afya akazungumze na mhudumu. Penseli zitamsubiri.

Kwa nini kanga

Vitabu vya michoro kwa watu wazima vilivyoenea sana Ulaya na Marekani kuanzia mwaka 2015 hivi vinapatikana pia katika baadhi ya maduka ya miji yetu, lakini bei yake humfanya mnunuzi aogope kuharibu ukurasa, na mwenye kuogopa hapumziki. Tena nyingi ya nakshi hizo zimejazwa vijani na vijimaua vidogo kiasi kwamba jicho la mtu aliyeshinda mbele ya kompyuta huzidi kuumia. Wakati huohuo, ndani ya kabati la karibu kila nyumba ya pwani, na nyumba nyingi za bara, umelala mchoro ulio bora kuliko huo na usiogharimu kitu.

Kanga ina mpangilio usiobadilika: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani msemo wa kanga, lililoandikwa ndani ya kisanduku chake sehemu ya chini. Umbo moja hurudiwa mara nyingi kwenye pindo, na kurudiwa huko ndiko kunakofaa hapa, kwa sababu ukishaamua rangi za umbo la kwanza umekwisha kuamua rangi za pindo zima. Vilevile ni nakshi ambayo jicho lako limeizoea tangu utotoni, kwa hiyo hutakaa ukijiuliza inahusu nini.

Katika kuchagua, tafuta kanga yenye maumbo makubwa na mistari iliyo wazi. Kanga ya korosho hufaa sana kwa anayeanza, kwa kuwa umbo la korosho lina mzingo mmoja mkubwa, tumbo pana na mkia uliojipinda, na mkono hulifuata bila shida. Kisutu, pamoja na heshima yake yote kwenye harusi, kina vipande vidogo vidogo vingi mno, nacho ni heri kiachwe mpaka mkono uzoee. Litazame na jina pia. Kanga iliyonunuliwa kwa ajili ya kumpigia jirani kijembe haifai kwa shughuli hii, maana utatumia nusu saa nzima ukimkumbuka jirani.

Kutengeneza ukurasa wako

Kanga moja huwa na urefu wa takriban mita 1.5 na upana wa mita 1.1 hivi, kwa hiyo usijaribu kuihamisha yote kwenye karatasi. Chukua kona moja tu, pale pindo mbili zinapokutana, pamoja na kipande kidogo cha mji. Kona hiyo ina kila kitu unachokihitaji, na huingia vizuri kwenye karatasi ya A4.

Ipige kanga pasi, itandaze sakafuni karibu na dirisha, kisha usimame juu yake na kuipiga picha kwa simu ukiwa umeielekeza simu chini moja kwa moja. Ukipiga kwa upande, maduara yatatokea kama mayai na mistari ya pindo itabanana upande mmoja. Nenda na picha hiyo kwenye duka la kuchapisha na kutoa kopi, uchapishiwe kwa rangi nyeusi peke yake. Picha hiyo bado haifai kupakwa, kwa kuwa imejaa kijivu na madoa. Ibandike kwenye kioo cha dirisha wakati wa mchana, weka karatasi safi juu yake, na mwanga utakaopenya utakuonyesha mistari ya kufuata. Fuata kwa penseli ya kawaida ile mistari mikuu tu. Vidoa, vijishungi na mistari miembamba ya kujazia viache. Umbo lolote ambalo ni dogo kuliko ncha ya kidole chako cha shahada liunganishe na jirani yake au lifute. Ukimaliza, pitia mistari yako kwa kalamu nyeusi, ngoja wino ukauke, kisha futa alama za penseli.

Karatasi hiyo ndiyo asilia yako, na haitapakwa rangi kamwe. Itolee kopi tano au sita, kwani kujua kwamba zipo nyingine huondoa woga wa kuharibu. Karatasi ya kawaida ya kopi, yenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, huvumilia tabaka mbili au tatu za penseli kabla ya kuchoka. Kama mwenye duka anakubali kupitisha karatasi nzito zaidi kwenye mashine yake, ya gramu 120 hadi 160, mpe hiyo, nawe utaona tofauti mara moja, kwa kuwa ina ukwaruzo unaoshika rangi. Karatasi inayong'aa haifai hata kidogo. Michoro ya kanga ni mali ya walioibuni na kuichapisha, hivyo kopi hizi ziwe za matumizi yako nyumbani, si za kuuza.

Penseli na mahali pa kukaa

Pakiti ya penseli 12 za rangi inatosha. Najua ile pakiti ya rangi 72 inavutia ikiwa imefunguliwa dukani, lakini kila rangi ya ziada ni uamuzi wa ziada, na ulikuja hapa kuyakimbia maamuzi. Kinachopaswa kutazamwa ni ulaini wa kiini. Omba kujaribu moja kwenye kipande cha karatasi: penseli nzuri huacha rangi iliyokolea hata ukiipitisha bila kuikandamiza, ilhali ile ngumu inayouzwa kwa bei ya chini kabisa hukwaruza karatasi na kukulazimisha kutumia nguvu, na mkono unaotumia nguvu hukaza bega na shingo. Baadhi ya penseli hutengenezwa kwa nta na nyingine kwa mafuta. Za nta huchanganyika kwa urahisi lakini baada ya siku kadhaa zinaweza kutoa ukungu mweupe juu ya sehemu zilizokolezwa sana, ukungu ambao hufutika kwa kitambaa laini. Krayoni hulainika kwenye joto la pwani na ncha yake haiingii kwenye pembe za nakshi. Maka hupenya upande wa pili wa karatasi, hazikuruhusu kurudi nyuma ukishagusa, na kwa kazi hii ya polepole sizipendekezi.

Penseli ya rangi ikianguka sakafuni, kiini chake huweza kuvunjika ndani ya mti bila kuonekana, na utagundua baadaye ncha inapodondoka kila ukichonga. Tumia kichongeo chenye wembe mkali, na uchonge taratibu.

Kaa mezani, si kitandani. Anayetumia mkono wa kulia aweke taa upande wa kushoto, na wa mkono wa kushoto afanye kinyume, ili kivuli cha mkono kisianguke pale unapopaka. Chini ya balbu ya mwanga wa njano rangi ya manjano karibu haionekani kwenye karatasi nyeupe, kwa hiyo kama huna mwanga mweupe, sehemu za manjano zipake mchana. Elekeza feni kwingine. Waliofikia umri wa kuhitaji miwani ya kusomea waivae, kwani kukunja uso kwa dakika 20 ili kuuona mstari si kupumzika.

Simu ikae chumba kingine. Zipo programu za simu ambazo mtu hugusa sehemu ya mchoro ikajaa rangi yenyewe, nazo zinaweza kumsaidia anayesubiri foleni hospitali, lakini hazimpi mkono kazi ya kufanya, na ujumbe wa mwenye nyumba huingia juu ya kioo kilekile unachokipaka. Watoto wakitaka kujiunga, wape kopi zao na penseli zao. Kupaka nao ni mchezo mzuri wa familia, ila kipindi chako cha pumziko kitafutie saa nyingine.

Korosho ya kwanza

Kabla hujakaa, toa kwenye pakiti penseli nne na uifunge. Kwa mfano huu tuchukue manjano, rangi ya chungwa, nyekundu na buluu. Tatu za kwanza ni ndugu na zitapakwa kwenye korosho. Buluu ni ya uwanja unaoizunguka. Weka karatasi safi chini ya kiganja ili jasho na mafuta ya mkono yasichafue sehemu iliyokwisha kupakwa, na anza upande ulio mbali na mkono wako, yaani juu kushoto kwa wa mkono wa kulia.

Ishike penseli mbali kidogo na ncha, ikiwa imelala, kwa vidole vilivyolegea. Paka manjano tumbo zima la korosho, kuanzia kichwani kuteremka mkiani, kwa vizunguko vidogo vinavyopandana badala ya mistari ya kwenda na kurudi. Mistari huacha michirizi, na vizunguko huacha rangi iliyotulia. Usikandamize: tabaka hili la kwanza liwe jepesi hivi kwamba weupe wa karatasi bado unaonekana chini yake. Kisha chukua rangi ya chungwa, anza kwenye mzingo wa nje, na uilete ndani hadi katikati ya tumbo, ukipunguza uzito wa mkono kadiri unavyokaribia katikati, ili manjano ibaki peke yake upande wa ndani. Nyekundu ije mwisho, ukanda mwembamba tu unaoambaa na mstari wa nje, upana wake usizidi punje ya mchele, ukinenepa kidogo pale mkia unapojipinda. Sasa rudi na manjano ileile juu ya vyote, safari hii ukikandamiza, na utaona mipaka ya rangi tatu ikiyeyuka na korosho ikipata mng'ao, kwa kuwa vishimo vya karatasi vimejaa. Baada ya hapo hakuna tabaka jingine litakaloshika, kwa hiyo hatua hiyo ifanywe mwishoni tu.

Mpangilio wa kutoka rangi nyepesi kwenda nzito haugeuzwi, kwa sababu manjano haiwezi kuifunika nyekundu iliyokwisha kukolea. Zipo pia rangi zinazouana zikipandishwa moja juu ya nyingine: kijani juu ya nyekundu hutoa kahawia, buluu juu ya chungwa hutoa kijivu kilichochafuka, na manjano na zambarau hutoa kitu kama matope. Ukizijua, unaweza kuzitumia kwa makusudi palipo na kivuli. Usipozijua, zitakushangaza pasipohitajika.

Korosho ya pili ipake vilevile, na ya tatu vilevile. Usibadilishe rangi hata kama umechoka kuzitazama. Korosho ya kwanza huwa ni somo, na mtu huipaka akiwa makini kama aliye kwenye mtihani. Mahali fulani kwenye ya nne au ya tano mkono huanza kujua njia bila kuulizwa, pumzi hurefuka yenyewe, na hapo ndipo pumziko linapoanza. Anayebadilisha rangi kila umbo hujirudisha kwenye mtihani kila mara.

Rangi ikivuka mstari, usiisugue kwa raba, maana raba huitandaza. Ibonyeze raba juu ya doa na kuiinua mara kadhaa, rangi itapungua, kisha nenepesha mstari kwa kalamu nyeusi. Au iache. Kanga nyingi madukani zimechapwa rangi zikiwa zimepishana kidogo na mistari, na watu huzivaa hivyo hivyo wakapendeza.

Mawazo yatakuja. Ukijikuta unapanga maneno ya kumwambia bosi kesho, usijilaumu wala usilazimishe kichwa kiwe kitupu; tazama ncha ya penseli ilipo na uendelee kutoka hapo. Dalili ya kuaminika zaidi iko mkononi: ukiona vidole vimeikaba penseli na rangi imekolea ghafla, ujue mawazo yalikwisha kuondoka zamani. Legeza vidole, shusha mabega, tazama kitu kilicho mbali nje ya dirisha kwa muda mfupi ili jicho nalo lipumzike, kisha rudi.

Dakika 20 zinatosha, na saa ya ukutani au ya kengele ni bora kuliko simu kwa kuzipima. Muda ukiisha, simama hata kama korosho imebaki nusu. Kumaliza ukurasa si lengo, na anayejiwekea lengo la kumaliza ataanza kuharakisha, kisha atakesha, kisha atachoka kuliko alivyokuja. Kwa sababu hiyohiyo, kaa na kurasa zako za mwanzo bila kuzipiga picha za kuonyesha watu. Ukishajua kwamba kuna atakayetazama, utaanza kumpakia yeye.

Mkono ukishazoea

Baada ya kurasa kadhaa nakshi itakuwa nyepesi mno kiasi cha kuyaacha mawazo yatoroke tena, na hiyo ni ishara ya kuongeza ugumu kidogo. Unaweza kugeukia kanga yenye maumbo madogo zaidi, au nakshi za milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na ya Lamu, ambazo huhamishwa kwenye karatasi kwa njia ileile ya picha na dirisha. Minyororo na maua yaliyochongwa kwenye miimo ya milango hiyo hurudiwa kwa mpangilio kama wa pindo, ila yanadai tabaka za kahawia, na hapo ule mchanganyiko wa kijani juu ya nyekundu utapata kazi.

Njia nyingine ni kuanza kujipa uhuru kwa kipimo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, walilinganisha kupaka rangi michoro iliyo tayari na kuumba sanaa kwa hiari pamoja na mtaalamu wa tiba kwa sanaa, na katika matokeo yao ya mwaka 2017 njia zote mbili zilipunguza msongo, lakini walioumba kwa hiari waliondoka pia na furaha zaidi na kujiamini zaidi. Kanga inakuwezesha kufanya yote mawili kwenye ukurasa mmoja. Toa kopi ya asilia yako, funika sehemu ya mji kwa kipande cha karatasi nyeupe, kisha utoe kopi ya hiyo kopi, nawe utapata ukurasa wenye pindo lililochorwa na mji mtupu. Anza na pindo kama kawaida mpaka mkono utulie, ndipo uingie mjini na kuchora unachotaka, ukitumia rangi zilezile nne.

Kisanduku cha jina kikiwemo kwenye kona uliyoichagua, kiachie nafasi mpaka mwisho. Piga mistari miwili kwa rula, andika jina ulitakalo kwa herufi kubwa kama zilivyo kwenye kanga, ukianzia herufi ya katikati na kwenda pande zote mbili ili maneno yasibanane mwishoni, kisha jaza herufi kwa rangi nzito kuliko zote ulizotumia.